Saa inasema mapigo 178 kwenye mchakamchaka wa kawaida. Moyo mbovu, saa mbovu, au ninunue mkanda wa kifuani?

#1 Soli_Imeisha

Wakuu habari zenu. Mwanaume, miaka 41, nilianza kukimbia miezi minane iliyopita baada ya muongo mzima wa kukalia kiti. Sasa hivi ni mara nne kwa wiki, dakika 40 hadi 60. Mwezi jana nikajinunulia saa ya kupima mapigo ya moyo mkononi, na tangu siku hiyo sina amani.

Natoka mdogomdogo, pumzi iko sawa, naweza hata kuimba. Ikifika dakika ya sita au ya saba saa inaruka kutoka 130 hadi 176, 178, inaganda hapohapo. Kioo kinakuwa chekundu, saa inatetemeka kunionya. Nimesoma kwamba mapigo ya juu kabisa ya mtu ni 220 ukitoa umri, maana yake kwangu 179. Kwa hesabu hiyo nimebakiza pigo moja nife, na bado naimba.

Naomba kujua: huu moyo una tatizo, au ni saa? Na kama ni saa, ule mkanda wa kifuani una tofauti gani hasa, na mtu anachaguaje asije akaumia mara ya pili? Halafu nikishaupata, namba zenyewe nazitumiaje? Naona watu wanataja zoni, zile ngazi za mapigo kutoka pole hadi kasi, kama wanataja mitaa ya kwao. Natanguliza shukrani.

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimekaa paleee nasubiri wajuzi. Mimi yangu inasoma 95 nikiwa napanda mlima natweta, kwa hiyo nadhani nilishakufa siku nyingi.

#3 Fundi_Mapigo

Mleta mada, kabla hujaandika wosia fungua rekodi ya mbio hizo, tafuta pale panapoonyesha hatua kwa dakika. Nabashiri utakuta 174 hadi 178.

Ni hivi. Saa ya mkononi haisikii moyo. Nyuma yake kuna vitaa vya kijani na kijicho cha kupokea mwanga. Damu hunywa mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu inajaa kidogo kwenye vimishipa vya ngozi, mwanga unaorudi unapungua, saa inahesabu hiyo panda shuka. Ukiwa umekaa kazi ni rahisi. Ukianza kukimbia, mkono unarushwa na saa inachezacheza, nyama na damu vinatikisika kila mguu unapotua. Sasa saa ina midundo miwili mbele yake, wa moyo na wa miguu, na wa miguu una nguvu zaidi. Inaukamata huo. Inahesabu miguu yako huku inakuapia ni moyo.

Hakikisha mwenyewe. Kesho namba ikiganda kwenye 170 na kitu, simama, weka vidole viwili shingoni pembeni ya koromeo, upande mmoja tu na usikandamize, hesabu sekunde 10, zidisha kwa 6. Anza kuhesabu papo hapo maana ukisimama mapigo hushuka haraka.

Kiti_cha_Mbele, ugonjwa wako ni huohuo umegeuka upande. Saa imelegea, au ngozi ina baridi na vimishipa vimejikunyata, au una tatuu chini ya saa. Wino wa tatuu huzuia mwanga. Isogeze saa juu ya kifundo cha mkono upana wa vidole viwili, kaza unapokimbia, legeza ukimaliza.

#4 Soli_Imeisha

Nimerudi. Hatua kwa dakika 176. Saa 177. Shingoni nimepata 23 kwa sekunde 10, yaani 138.

Nimefurahi na nimekasirika kwa wakati mmoja. Mwezi mzima nimelala na hofu kumbe nahesabiwa miguu!

#5 Peku_Peku

Ndiyo maana mimi hayo madude sivai. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, 3:32.2, alikuwa na mkanda kifuani? Kimbia ukichoka punguza, ukipata nguvu ongeza. Mnanunua wasiwasi kwa pesa zenu.

#6 Muuguzi_wa_Zamu

Naomba niingilie mapema kabla uzi haujakolea. Kaka Soli, kwa maelezo yako hiyo ni saa. Lakini wasomaji wengine msije mkajifariji kwa kila namba ya ajabu. Ukiona mapigo yanaruka ghafla HALAFU kuna kizunguzungu, kifua kubana au kuuma, pumzi kukata kuliko kawaida yako, au moyo kupapatika kama ndege, acha kukimbia uende ukapimwe. Mkanda wa mazoezi hautoi majibu ya hospitali.

Na kwa mnaotumia dawa za presha zile za kundi la beta-bloka: dawa hizo hushusha mapigo, ukipumzika na ukikimbia. Kanuni zote za umri mtakazoandikiwa humu haziwahusu. Ongea na daktari wako, halafu tumia pumzi kama kipimo.

Na mtu aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, au mwenye historia ya moyo kwao, asifanye majaribio ya kujua mapigo ya juu bila kuonwa kwanza. Nawajua wakimbiaji, mtaruka hapa mwende moja kwa moja kwenye majaribio.

#7 Fundi_Mapigo

Asante muuguzi. Sasa swali la kununua.

Mkanda wa kifuani unasoma umeme. Kila moyo unapojikunja unatoa mkondo mdogo wa umeme ambao hufika mpaka kwenye ngozi, na zile sehemu mbili za mpira au kitambaa chenye nyuzi maalumu ndizo zinaunasa. Ni kanuni ileile ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo cha hospitali, ila imepunguzwa. Haijali mkono unarushwaje. Ukiongeza kasi ghafla, mkanda unaona ndani ya mapigo machache. Saa ya mkononi inaweza kuchelewa sana au isione kabisa.

Kuna njia ya kati: kifaa cha mwanga cha kuvaa juu ya kiwiko, kwenye nyama ya mkono. Ni vitaa vilevile, ila pale kuna nyama, mifupa haiko karibu, na mtikisiko ni mdogo kuliko kwenye kifundo. Kwa mbio za mwendo mmoja kinakaribia sana mkanda. Kwa vipindi vya kasi, vile vya kukimbia kwa nguvu na kupumzika kwa zamu, mkanda bado unashinda.

Kabla hujanunua chochote uliza kama saa yako inakubali kifaa cha nje. Saa nyingine hazikubali, na hapa watu wengi huumia. Wananunua mkanda mzuri, wanafika nyumbani unakosa wa kuongea naye. Kisha tazama lugha zake za kuongea na saa bila waya: uwe na Bluetooth na ANT+ vyote viwili. ANT+ inarusha kwa yeyote aliye karibu, saa na mashine ya mazoezi vyote vinasikia kwa pamoja. Bluetooth hushikana na kifaa kimoja, kwenye mikanda mipya viwili au zaidi. Simu nyingi zinasikia Bluetooth tu.

Pia betri iwe ya kubadilisha mwenyewe, ile bapa kama sarafu. Na kamba iwe inauzwa peke yake, kwa sababu kinachokufa kwanza ni kamba. Jasho na chumvi vinaila. Kile kidude cha katikati kitazika kamba tatu.

Mengine yote, sijui mguu umekaa chini milisekunde ngapi, sijui umepanda juu sentimita ngapi, ni mapambo. Mimi ninayo hayo yote na sijawahi kubadilisha chochote kwa sababu yake.

#8 Mama_Kilomita

Fundi umesema vizuri ila umesema kama mwanaume. Mkanda na sidiria ya mazoezi vinagombea sehemu moja. Mbio ya kwanza ya dakika 90 nilirudi na alama nyekundu kama nimefungwa kamba, nikaoga nikalia.

Nilichojifunza: mkanda ukae chini kabisa ya ukingo wa sidiria, wala usiwe umebanwa nusu ndani nusu nje. Kaza kiasi cha kutoteleza tu, hauhitaji kukuziba pumzi. Paka mafuta mazito kwenye ngozi pale kamba inaposugua, LAKINI siyo pale panaposoma umeme, ukipapaka mafuta utasoma namba za kuzimu. Na nikienda mbio ndefu navaa kile cha mkononi juu ya kiwiko, naacha mkanda kwa siku za kasi. Dada zangu anzeni na cha mkononi, mtanishukuru.

#9 Kiti_cha_Mbele

Mkanda ninao sasa, nimeuazima. Dakika tano za kwanza unasema 221. Baadaye unatulia. Na huu nao una shetani?

#10 Fundi_Mapigo

Umeuvaa mkavu. Umeme wa mwili haupiti vizuri kwenye ngozi kavu, na shati la plastiki likisuguana na kifua linatengeneza cheche zake za umeme tuli ambazo mkanda unazihesabu. Jasho likitoka mambo yananyooka. Lowesha sehemu za kusomea kwa maji kabla ya kuvaa. Mate pia yanafaa, hatutamwambia mwenye mkanda.

Ukimaliza suuza kwa maji, na chomoa kidude kwenye kamba. Ukikiacha kimebanwa kwenye kamba yenye majimaji kinadhani bado kiko kifuani, kinaendelea kufanya kazi usiku kucha, halafu mnalalamika betri mbovu.

#11 Mzee_wa_Mkiani

Vijana nimesoma uzi wote. Nina umri ambao saa zimeacha kunishangaza. Mkanda wangu wa kwanza ulikuwa wa teknolojia ile ya zamani isiyo na siri, kila mtu anarusha kwa masafa yaleyale. Siku moja nikakimbia bega kwa bega na kijana mmoja kilomita nzima, nikaona moyo wangu umepanda 20 bila sababu. Nilikuwa nasoma moyo wake. Nikahama upande wa pili wa barabara, nikarudi kuwa mzee.

Na vitu hivi si vya juzi. Kampuni ya Polar ya Ufini ilianzishwa mwaka 1977, na mwaka 1982 ikatoa Sport Tester PE2000, kifaa cha kuvaa kisicho na waya, mkanda kifuani na saa mkononi.

Sasa Soli, nina swali moja kwako kabla ya mambo ya zoni. Umesema unaweza kuimba. Unaimba mpaka dakika ya ngapi?

#12 Soli_Imeisha

Shikamoo mzee. Sijawahi kufikiria. Nadhani mpaka ya kumi hivi.

#13 Mzee_wa_Mkiani

Marahaba. Na mbio yako ni dakika 40 hadi 60. Pata mkanda, kimbia kama kawaida yako bila kutazama saa, lete grafu. Tutaongea.

#14 Namba_Hazidanganyi

Kwa nini mnamzungusha mtu? Kuna kanuni ya kocha Mmarekani Phil Maffetone ya mapigo ya kutovuka ukikimbia pole, 180 kutoa umri. Kwake ni 139. Ukitoka kwenye ugonjwa mkubwa au uko kwenye dawa unatoa 10 zaidi, ukiwa na majeraha au mafua yasiyoisha unatoa 5, ukiwa umefanya mazoezi zaidi ya miaka miwili bila matatizo na unaendelea kupanda unaongeza 5. Basi. Usivuke 139 kwa miezi mitatu. Kazi imeisha, funga uzi.

#15 Peku_Peku

Na mtu wa miaka 41 mwenye moyo wa farasi na wa miaka 41 mwenye moyo wa sungura wote 139? Mnaniambia mimi ndiye mshamba.

#16 Mzee_wa_Mkiani

Peku leo tuko upande mmoja, andika tarehe.

Hii 220 kutoa umri haikutoka kwenye utafiti mmoja uliopangwa kuijua. Mtafiti Fox na wenzake miaka ya mwanzo ya 1970 walikusanya takwimu zilizokuwepo, wakachora mstari uliopita katikati. Tanaka na wenzake mwaka 2001 wakaja na nyingine: 208, toa umri mara 0.7. Angalia mchezo wake: kwenye miaka 40 zote mbili zinakupa 180. Kwenye 60 ya kwanza inasema 160, ya pili 166. Kwenye 20 ya kwanza 200, ya pili 194. Lakini hata iliyo bora ni wastani wa watu wengi. Karibu mtu mmoja kati ya watatu anaangukia zaidi ya mapigo 10 juu au chini ya alichotabiriwa. Kiatu cha saizi ya wastani wa kijiji.

Hiyo ya 180 kutoa umri sikatai kwa anayeanza, ina fadhila moja kubwa: inampunguza mtu mwendo. Ila ni kubahatisha kulekule.

#17 Soli_Imeisha

Mkanda nimepata, una lugha zote mbili, saa imeukubali. Nimekimbia dakika 50 "kama kawaida" bila kutazama. Naweka namba maana picha inagoma kupanda:

Dakika ya 7: 138
Dakika ya 15: 149
Dakika ya 25: 158
Dakika ya 35: 164
Dakika ya 50: 171

Mzee, nimeona. Wimbo uliishia dakika ya 11. Na hapo dakika ya 25 kuna jamaa alinipita na mbwa wake, nadhani mnajua kilichofuata.

#18 Mzee_wa_Mkiani

Tunakijua wote, na mbwa yule hakujua kama kuna mashindano.

Huo ndio ugonjwa wenyewe, na ndio wa wakimbiaji karibu wote. Siku ya pole unaanza pole, unamaliza karibu na kasi. Mwili haujapata faida ya mbio za pole, na kesho ukitaka kukimbia kwa kasi kweli miguu inakataa kwa sababu jana uliichosha bila mpango. Mkanda mimi nauchukulia kama hatamu ya siku za pole. Siku za kasi unaweza kuuacha nyumbani.

Sasa tafuta namba zako. Mapigo ya kupumzika: asubuhi ukiamka, kabla ya kunyanyuka, siku tatu, chukua wastani. Mapigo ya juu, na UMESIKIA alichosema muuguzi: pasha mwili dakika 15 au 20, tafuta mlima, panda kwa nguvu dakika mbili hadi tatu, shuka kwa kutembea, rudia, na safari ya tatu toa kila ulichonacho mpaka juu. Namba kubwa kuliko zote utakayoiona ndiyo ya kufanyia kazi. Siku nyingine, ukiwa umepumzika, fanya kipimo kinachotumiwa sana na kocha Joe Friel: dakika 30 peke yako, mwendo mkali kuliko wote unaoweza kuushikilia kwa muda wote huo, chukua wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho. Hapo ndipo mwili unapoanza kushindwa kulipa madeni. Tuite kizingiti.

#19 Soli_Imeisha

Nilienda kupimwa kwanza, nikaambiwa niko salama. (Muuguzi umeona?)

Kupumzika 56. Mlimani 191, nikakaa chini kando ya njia, mtu akaniuliza kama naumwa. Kizingiti 170.

Kwa hiyo 220 kutoa umri ilinidhulumu mapigo 12.

#20 Muuguzi_wa_Zamu

Nimeona. Ubarikiwe.

#21 Fundi_Mapigo

Sasa hesabu zoni, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa kwa sababu "zoni ya pili" ya saa hii si ya saa ile.

Saa yako ilivyotoka kiwandani huenda inafanya asilimia 60 hadi 70 ya mapigo ya juu iliyokadiria kwa umri. Kwa 179 hiyo ni 107 hadi 125. Ungekuwa unatembea ukinung'unika. Ukiweka 191 ya kweli inakuwa 115 hadi 134.

Mfini mmoja, Martti Karvonen, mwaka 1957 na wenzake walionyesha njia nyingine: tumia akiba. Mapigo ya juu toa ya kupumzika, 191 kutoa 56, una akiba ya 135. Asilimia 60 ya hiyo ni 81, rudisha 56 unapata 137. Asilimia 70 unapata 150. Ona sasa: asilimia zilezile, mtu yuleyule, na tofauti ya zaidi ya mapigo 15.

Kwa kizingiti, Friel anaweka mbio za pole za uvumilivu kwenye asilimia 85 hadi 89 ya kizingiti. Kwako ni 145 hadi 151. Inakaribiana na dari la Karvonen. Njia mbili zinazotoka pande tofauti zikikutana mahali pamoja, napaamini hapo.

Kwa hiyo dari lako la siku ya pole ni 150. Weka saa itetemeke kwenye 150, ufute zile zoni za kiwandani. Na hilo 191 liingize kwenye mipangilio. Makadirio ya saa ya uwezo wako wa kutumia oksijeni na ya kalori mengi yanaegemea namba hiyo, ikikosewa na yenyewe yanakosewa.

#22 Namba_Hazidanganyi

139 hadi 150, tofauti ndogo hiyo. Nilikuwa karibu.

#23 Fundi_Mapigo

Kwake ulikuwa karibu. Mke wangu ana 44, mapigo yake ya juu ni 168. Kanuni yako inamwambia 136, na kwa kizingiti chake hapo yuko kwenye kazi nzito. Bahati hailingani.

#24 Soli_Imeisha

Wiki ya pili. Hii kitu inadhalilisha. Kubaki chini ya 150 nakimbia kilomita kwa dakika 7 na sekunde 55, na kwenye kila kamlima natembea. Jana nimepitwa na mama aliyebeba mzigo. Na wakati mwingine mwendo uleule, njia ileile, leo 142 kesho 151. Nakosea wapi?

#25 Mama_Kilomita

Hukosei. Usingizi ulikuwaje? Jua lilikuwaje? Umeanza na mafua? Kazini kuna mtu anakukaba? Moyo unahesabu yote hayo na kuyajumlisha. Wangu unapanda 8 siku ya joto kali, mwendo uleule. Siku hizo nafuata moyo, mwendo naachana nao.

#26 Mzee_wa_Mkiani

Na hata ndani ya mbio moja utapanda bila kuongeza mwendo. Mwili ukipata joto unapeleka damu kwenye ngozi ikapoe. Jasho linapunguza maji ya damu. Kila pigo linasukuma damu kidogo kuliko mwanzo, basi moyo unaongeza idadi ya mapigo kufidia. Ndiyo maana ukianzia 149 huna pa kwenda. Anzia 135, uache nafasi.

Fanya jaribio hili mara moja kwa mwezi, siku isiyo na joto, njia tambarare: dakika 60 mwendo mmoja bila kuubadilisha. Linganisha wastani wa nusu ya kwanza na wa nusu ya pili. Ukipanda chini ya asilimia 5, mwendo huo mwili wako unaubeba. Ukizidi sana, mwendo huo bado si wako kwa saa nzima, hata kama pumzi inakudanganya.

Ya mama mwenye mzigo usijali. Huyo ana miaka 20 ya mazoezi.

#27 Peku_Peku

Swali la kweli, sitanii. Mimi nikikimbia na mtu naongea sentensi nzima bila kukata. Nikishindwa kuongea napunguza. Hiyo si ndiyo 150 yenu?

#28 Mzee_wa_Mkiani

Ndiyo. Na kwa wengi ni sahihi kuliko kanuni za umri. Mswidi Gunnar Borg alitengeneza kipimo cha kujipima uzito wa kazi kwa hisia, kinaanzia 6 kinaishia 20. Namba hizo za ajabu zina sababu: zidisha kwa 10 unapata makadirio ya mapigo, 60 ukiwa umelala na 200 ukiwa unakata roho. Kwa hiyo hata wenye sayansi walijua hisia zinabeba namba ndani yake.

Tatizo ni kwamba wewe una miaka mingi barabarani. Soli ana miezi minane, hisia zake zilikuwa zinamwambia dakika ya 35 yuko sawa, yuko 164.

#29 Peku_Peku

Sawa mzee. Nimekuelewa ila sinunui.

#30 Kiti_cha_Mbele

Mimi nauliza kuhusu vipindi vya kasi. Nakimbia mita 200 kwa nguvu mara nane, saa haifiki hata zoni ya nne. Halafu nikisimama ndiyo inapanda. Niongeze kasi?

#31 Fundi_Mapigo

Usiongeze, utachana msuli. Moyo una uvivu wa kuitikia, unahitaji nusu dakika hadi dakika na zaidi kufika kwenye kazi uliyoipa. Mita 200 zimeisha yeye bado anavaa viatu. Kwa mbio fupi tumia muda na hisia, mapigo yasome wakati wa kupumzika tu, kuona yameshuka kiasi gani kabla ya kurudia. Kwa vipindi vya dakika nne na kuendelea ndipo namba inaanza kuwa na maana, tena dakika mbili za mwisho.

Ukikimbiza namba kwenye vipindi utaanza kila kimoja kama mwizi, ufe kwenye cha tatu.

#32 Soli_Imeisha

Wakuu, wiki ya kumi. Nimerudi na hesabu.

Dakika 60, tambarare, alfajiri. Nusu ya kwanza wastani 142, nusu ya pili 149. Nimepiga, ni asilimia 4.9. Mwendo: kilomita kwa dakika 7 na sekunde 10. Wiki ya pili mapigo hayahaya yalikuwa yananipa 7:55. Mapigo ya asubuhi yameshuka kutoka 56 hadi 52.

Jingine: juzi betri iliisha njiani. Nikakimbia kwa pumzi, nikasema moyoni hii ni 140. Nikasimama nikashika shingo, 23 kwa sekunde 10. Ile 138 ya siku ya kwanza kabisa.

Kamlima ka kwanza sasa nakapanda nikikimbia. Ka pili bado natembea. Mbwa nimemwona tena, nikamwacha aende.

#33 Mama_Kilomita

Kumwacha mbwa ndiyo imenifurahisha kuliko hiyo 7:10.

#34 Mzee_wa_Mkiani

Vizuri. Sasa siku moja kati ya nne ibadilishe: pasha mwili, kisha dakika tano kwenye mapigo ya 165 hadi 170, tembea mbili, rudia mara nne. Tatu zilizobaki ziache palepale chini ya 150, usiziguse. Utatamani kuziongezea kasi kwa sababu utajiona una nguvu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Na kizingiti kipime upya baada ya wiki sita, hiyo 170 inaweza kusogea.

#35 Soli_Imeisha

Nimepokea mzee. Dakika tano naanza kuhesabu nikishafika 165 au nikianza tu kuongeza mwendo?

#36 Mzee_wa_Mkiani

Ukianza kuongeza mwendo. Dakika ya kwanza usiitazame saa kabisa.